Mabaki ya Jumamosi

Jumamosi, 21 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi hapa Ntobeye, ndogo, ya kulowesha vumbi tu, na baada yake upinde ukasimama juu ya vilima vya upande wa Burundi. Nikajisemea moyoni, ole wetu jioni kama kipindi kitagusa habari za mvua. Kikagusa. Yule binti mwenye koti jeupe anayeendesha kipindi cha sayansi akatabasamu na kusema, "Upinde wa mvua una rangi saba."

"Saba!" Audax akaikaripia televisheni. "Nani alizihesabu? Rangi zinaingiliana, hakuna mpaka! Na mbona husemi kwamba kila mtu anaona upinde wake?"

Televisheni haikujibu. Haijawahi kumjibu, na mume wangu hajawahi kukata tamaa. Kila Jumamosi saa moja jioni anakaa kwenye kiti chake akilalamika kwamba wanarahisisha mno, kwamba wanawapa uji watu wenye meno, na Jumamosi inayofuata yeye ndiye wa kwanza kuiwasha.

Kipindi kikiisha anazima, anageuza kiti awatazame wageni, anasema, "Haya, tule mabaki." Mabaki ni yale ambayo kipindi kimeyaacha. Hiyo ndiyo desturi ya nyumba hii tangu tustaafu na kuvuta umeme. Jirani yetu Esperansia, mwenye mbuzi, hakosi. Gidioni fundi sola naye hakosi. Audax alimfundisha fizikia mpaka kidato cha nne. Wengine hupokezana. Wana televisheni makwao, ila wanafuata mabaki, na labda chai yangu na mahindi ya kuchemsha.

Mimi nilifundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu. Kazi yangu ilikuwa kuacha mambo. Mtoto wa miaka saba ukimpa yote hashiki hata moja. Kwa hiyo yule binti mimi humtetea, na Audax hutuweka kapu moja.

Jumapili, 22 Septemba

Misa ya kwanza, kisha jumuiya. Njiani nimekumbuka upinde wa zamani.

Tulikuwa walimu wapya wote wawili, bado hatujaambiana neno. Mvua ilikatika tukiwa barabarani, nikamwonyesha upinde, nikamwambia, tazama, tunautazama pamoja. Akanijibu hapana, mwalimu, wewe unaona wako na mimi naona wangu, matone yanayokuletea mwanga wewe siyo yanayoniletea mimi. Nilinuna mpaka nyumbani. Mtu anakupa upinde, wewe unampa somo!

Kesho yake asubuhi akaja na beseni la maji na kioo cha kunyolea. Akakiinamisha kioo ndani ya maji, jua likakipiga, upinde mdogo ukatokea kwenye ukuta wangu wa chokaa. Akasema, "Huu uko ukutani. Huu ni mmoja, tunaweza kuutazama wote." Pale pale nikajua nitaolewa naye, ingawa yeye alichukua mwaka mzima kuuliza.

Jumatano, 25 Septemba

Tumeanza kupanda maharage katikati ya migomba. Mgongo.

Jumamosi, 28 Septemba

Kipindi kilikuwa cha sumaku. Audax akazima, akageuza kiti, akawapa watu mabaki ya upinde wa mvua. Yale yale ya wiki iliyopita, neno kwa neno, pamoja na mzaha wake. Esperansia akaitikia, "Ehee, Mwarimu," kama ndiyo kwanza anayasikia. Gidioni akanitazama, halafu akatazama ndani ya kikombe chake.

Wakati wa kulala nikamwambia, mume wangu, leo ilikuwa sumaku. Akasema anajua, alitaka tu kukazia.

Jumanne, 1 Oktoba

Maharage yameota. Kuku wa Esperansia wamekwisha kupata habari.

Jumamosi, 5 Oktoba

Niliposikia leo kipindi ni cha maji na joto nilicheka peke yangu jikoni. Nilijua atalipuka. Nikaja na sinia la chai mapema ili nisikose.

"Maji huchemka kwenye nyuzi joto mia moja," binti akasema, "popote ulipo."

Hili ndilo analolichukia kuliko yote. Mwaka ule nilipoolewa, maharage yangu hayakuwa yakiiva. Mama mkwe alisema naweka kuni chache, kisha akasema wasichana wa siku hizi hawana subira, kisha akawa hasemi, anapumua tu. Audax akaazima kipimajoto cha maabara shuleni, akakining'iniza ndani ya chungu changu kikitokota. Hakikufika mia. Kiligota kwenye tisini na tano hivi. Akanieleza kwamba huku juu tulipo hewa inakandamiza maji kidogo kuliko kule pwani, basi maji yanawahi kuchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, ndiyo maana maharage ya huku kwetu Ngara yanachelewa. Akaenda na kipimajoto mkononi mpaka kwa mama yake, akamwambia, "Mama, si Febronia. Ni mlima." Mtu mwingine angemnunulia mke wake kitenge. Mimi nilitetewa kwa kipimajoto, na sijaona kitenge kilichonifurahisha zaidi.

Kwa hiyo nikasimama na sinia, nikasubiri. Audax alikuwa anatazama kioo kwa utulivu. Binti akarudia, nyuzi mia moja. Audax akapokea kikombe chake.

Kipindi kikaisha. Gidioni akamwuliza taratibu, "Mwalimu, mabaki?"

"Leo amejitahidi," akasema. "Hakuacha kitu."

Nikaenda jikoni kutazama maharage yaliyo motoni. Yalikuwa hayajaiva, na mimi nikalia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Umeme hakuna tangu asubuhi. Wageni wakarudi mlangoni. Mungu anisamehe, nimefurahi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua tangu jana. Palizi imesimama.

Betri za rimoti zimekwisha, nikampa mpya aziweke. Alizigeuza hivi, akazigeuza hivi, akazitoa, akazitazama. Huyu ni mtu ambaye zamani aliwafundisha watoto kuwasha globu kwa betri za tochi zilizofungwa ndani ya gazeti. Nilitaka kumpokonya nimalize. Badala yake nikakaa karibu yake, nikatumia sauti yangu ya darasa la kwanza. Nikamwambia, upande wenye kichwa, unatazama wapi? Akaziweka. Televisheni ikawaka. Akafurahi sana, na nilichukia jinsi alivyofurahi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimempigia Tecla, binti yetu, yuko Biharamulo kwa mumewe. Nikamwambia njoo unisaidie kumpeleka baba yako hospitali. Hakuuliza kwa nini. Kumbe naye ameona.

Jumatatu, 28 Oktoba

Tumerudi jana. Tulikaa kwa Tecla karibu wiki nzima.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia Audax achore saa inayoonyesha saa nne na dakika kumi. Audax akamwuliza, "Saa nne ya Kiswahili au ya Kizungu? Swali lako halijakamilika." Daktari akacheka, Tecla akacheka, na mimi nikavimba kwa fahari kwenye benchi pale. Kisha akaichora. Mduara mzuri, namba zote zimesongamana upande mmoja, mishale hakuna.

Tecla akamtoa nje. Daktari akanigeukia, akapunguza sauti kama mtu anayeongea na mtoto. "Mama, ubongo wa mzee umechoka. Ni kama mashine ya siku nyingi. Cha muhimu ni upendo na chakula bora."

Nilishangaa jinsi nilivyokasirika. Nikamwambia, "Daktari, mwanangu, usinirahisishie. Umechokaje? Unaanzia wapi? Kitaondoka nini kwanza na kitabaki nini mwisho? Mimi ndiye nitakayeishi na yaliyobaki."

Akanitazama, akavuta kiti. Akanieleza yote mpaka wagonjwa nje wakaanza kugonga mlango. Sehemu nyingine sikuzielewa. Nyingine ni heri nisingezielewa. Lakini nilitoka pale nikiwa na kitu mkononi, na njia nzima ya kurudi Ngara nikawa nafikiria miaka yote niliyomwambia Audax, aa, mume wangu, watu wa kawaida hawahitaji hayo yote.

Tuliwahi kugombana kwa ajili hiyo, Tecla akiwa mdogo. Aliniuliza jua linakwenda wapi, nikamwambia linalala. Audax akatoka chumbani na sabuni usoni. "Umemwambia mtoto jua linalala?" Nikamjibu ana miaka minne. Akasema, "Basi mwambie liko kwa wenzetu, linawaangazia. Ni maneno machache hayo hayo, na si uongo." Akamchukua Tecla na chungwa na kurunzi, wakaingia chini ya kitanda kutafuta giza. Nasikia vicheko vyao mpaka leo.

Jumamosi, 2 Novemba

Kipindi cha nyuki. Mabaki kidogo, mazuri. Alikuwa yeye mwenyewe. Nimelala kwa amani.

Alhamisi, 7 Novemba

Radi mbaya alasiri yote. Wamesema huko Murusagamba imeua ng'ombe watatu malishoni, mchungaji akaanguka lakini amepona. Watu hawazungumzi kingine.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika polepole.

Kwa ajili ya habari za Murusagamba leo nyumba ilijaa. Akina mama walikuja na watoto wao wanaochunga. Mbingu ilikuwa nyeupe, umeme upo, na kana kwamba na yule binti wa koti jeupe alikuwa amesikia, kipindi kikawa cha radi.

Akasema mawingu hugongana, radi ikatoka. Zamani Audax angesema mawingu si masufuria. Leo hakusema. Binti akamalizia: "Ukiona dalili za radi, ingia ndani. Usikae chini ya mti. Ni hayo tu!" Muziki ukapigwa.

Audax akazima. Akageuza kiti. "Haya, tule mabaki."

Esperansia akawa wa kwanza. "Mwarimu, ingia ndani, ndani wapi? Hawa wajukuu wangu wako mrimani na mbuzi, hakuna nyumba. Wafanyeje?"

"Walale chini," Audax akasema.

Nilikuwa nagawa mahindi. Nikasimama.

"Kurara kabisa?"

"Kabisa. Walale wajinyooshe. Radi hutafuta kilicho kirefu. Aliyelala haimwoni."

Alilisema vizuri sana, kwa ile sauti yake ya darasani, na kila aliyekuwepo aliliamini. Esperansia akawageukia wajukuu wake. "Mmesikia? Mkiiona, rareni chini mjinyooshe."

Nilimtazama Gidioni. Alikuwa amefumba macho. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba kwa miaka yote Mwalimu huyu huyu alifundisha kinyume chake. Lakini Gidioni atamsahihisha vipi mtu aliyemfundisha kila anachokijua, mbele ya kijiji, nyumbani kwake? Na mimi je? Sijawahi kumpinga mume wangu mbele ya wageni hata kwa kiasi cha sukari. Nikikaa kimya, watoto wale watajilaza mlimani. Nikisema, mume wangu atajua mbele ya watu wote kitu ambacho mpaka sasa hajakijua hata faraghani.

Nikaweka sinia chini. Nikanyoosha mkono juu.

Watu walidhani natania. Yeye hakudhani hivyo. Mwalimu akiona mkono umenyooshwa hawezi kuuacha. "Ndiyo, Febronia."

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kule Murusagamba, kwa nini wamekufa ng'ombe, mchungaji akapona, na wote walikuwa mahali pamoja?"

Akatazama sakafu. Mimi nikaomba, Mama Maria, mrudishie hili moja tu, mengine chukua.

Mkono wake ukaanza kabla yake. Akaweka vidole viwili mezani, vikiwa vimeachana. Akavitazama. Kisha akavibana pamoja.

"Miguu," akasema. "Ni miguu! Umeme wa radi ukiingia ardhini hauishii pale, unasambaa. Ng'ombe mguu wa mbele uko huku, wa nyuma uko kule. Umeme unapandia huku unashukia kule, unapita moyoni. Mtu aliyebana miguu unampita tu."

Gidioni akarukia haraka, "Na aliyelala chini, Mwalimu?"

"Aliyelala? Huyo si amejifanya ng'ombe! Ardhi yote anaigusa yeye. Nani amewaambia mlale?"

Esperansia, Mungu ambariki, akasema, "Watu tu, Mwarimu. Watu wa barabarani."

"Waongo hao. Toka chini ya mti, achaneni, msishikane. Chuchumaa, bana miguu, inamisha kichwa. Simameni nyote." Akawasimamisha. Wazee kwa watoto wakachuchumaa sebuleni kwangu, miguu imebanwa, na yeye akapita katikati yao akiwagonga visigino kwa fimbo yake, "Bana! Bana!" na kila mtu akicheka mpaka machozi. Mimi pia nilichuchumaa. Machozi yangu hayakuwa ya kucheka.

Jumapili, 10 Novemba

Gidioni alipita baada ya Misa. "Shikamoo mama." Marahaba. Akakaa kizingitini, akavunjavunja kijiti.

"Mama, nimejua tangu mwaka jana. Aliniuliza jina langu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mama? Nilimwambia tu naitwa Gidioni, tukaendelea."

Akaniuliza kama tuyafute mabaki. Nikamwambia hapana. Nikamwambia yule binti alisema ni hayo tu, kumbe alichokiacha ndicho kingemwokoa mtoto. Audax alikuwa na haki yake kulalamika muda wote huo, na mimi nilikuwa namwambia apunguze sauti.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekaa karibu yake tangu mwanzo wa kipindi, sikuingia jikoni. Esperansia amepika chai. Inanuka moshi, lakini watu wamekunywa.

Jumatano, 20 Novemba

Maharage yana maua. Audax ameniuliza mara mbili ni nani aliyeyapanda.

Jumamosi, 30 Novemba

Mabaki mafupi mno. Alianza habari ya popo na sauti, akapotea katikati, akatabasamu kwa adabu kama mgeni. Gidioni akasema, "Tuishie hapo leo, Mwalimu, tumeshiba." Wote wakashukuru wakaondoka. Waliagana naye mmoja mmoja kwa mikono miwili.

Jumanne, 10 Desemba

Maharage yanakauka. Tutavuna wiki ijayo kama mvua itatuachia.

Jumamosi, 14 Desemba

Kipindi kiliuliza kwa nini mbingu ni ya buluu. Yule binti alikuwa amebadilisha koti, sasa la kijani. Akaeleza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Mwanga wa jua una rangi nyingi, hewa inazitawanya, na zile zenye mawimbi mafupi hutawanywa zaidi, ndiyo maana juu kote tunaona buluu.

Audax alisikiliza mpaka mwisho bila kusogea. Hakuzima televisheni, nilizima mimi. Akageuka kwetu, uso umeng'aa.

"Huyu binti anafundisha vizuri," akasema. "Leo nimeelewa yote."

Ni miaka mingi nilimwomba anipe jioni moja ya kukaa hivyo, atulie, apendezwe na kipindi kama watu wengine. Leo amenipa, na nilitaka kumtikisa mabega. Nilitaka agombe. Esperansia alikuwa anakunja kona ya kanga yake, Gidioni ametazama mlango.

"Ameacha mengi," nikasema kwa sauti kubwa.

"Kama yapi?" akauliza.

Hakuwa ananijaribu. Alitaka kujua. Alikisogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, akanitazama kwa macho ya mwanafunzi mzuri, mmoja wa wale wa mbele, ambao mwalimu huwaombea wawe wengi.

Moja nililikumbuka. Alikuwa akiliuliza kila mara, shuleni na hapa nyumbani, na watu wakikwama alikuwa anasugua viganja kwa furaha. Nikamwambia, "Kama ni mawimbi mafupi, urujuani si una mawimbi mafupi kuliko buluu? Basi kwa nini mbingu isiwe ya urujuani?"

"Aisee!" Akajipiga paja. "Swali zuri sana hilo. Ehe, kwa nini?"

Nikatafuta. Nilimsikia akilijibu kwenye baraza za nyumba zote tulizoishi, na kila mara nilikuwa nimekwisha kuinuka kwenda kumimina chai. Nikamtazama Gidioni. Akatikisa kichwa, naye amelisahau.

"Sijui, mume wangu," nikasema.

Akanishika mkono ili nisione haya.

"Si neno," akasema. "Kesho tutauliza."

Nikaitikia, ndiyo, kesho tutauliza. Hapa Ntobeye nzima, aliyekuwa akiulizwa ni yeye.